Zima Mashine Kwanza

Ndugu msomaji, tazama mikono yako. Ndiyo inayoshika jembe. Ndiyo inayokulisha wewe na watoto wako. Itunze.

Hapa Miyuji, Dodoma, tunasaga mtama, uwele na mahindi kwa mashine. Mashine huzungushwa na mkanda. Mkanda huo una mbio kuliko mkono wako. Ukinasa kidole, huwahi kukichomoa.

Kwa hiyo, nafaka ikikwama, usiisukume kwa mkono. Zima mashine. Ngoja isimame kabisa, kwa sababu hata ikizimwa huendelea kuzunguka kwa muda. Mkanda ufunikwe kwa wavu wa chuma. Usivae pete, wala nguo inayoning'inia. Watoto wakae mbali.

Ukiumia, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono juu. Usitie majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Uchafu huleta pepopunda, na pepopunda huua. Nenda zahanati upesi, hata kama jeraha ni dogo. Uliza kuhusu sindano ya kuzuia pepopunda.

Kumbuka: mashine ikisimama, utachelewa kidogo tu. Kidole kikikatika, hakioti tena.