Mzee Anapoanguka, Shinikizo la Damu Lipimwe Akiwa Amesimama

Mzee anapoletwa kituoni akiwa na jeraha usoni au maumivu ya nyonga, kwa kawaida hutibiwa kilichoumia. Jeraha hushonwa, nyonga hupigwa picha, naye hurudishwa nyumbani. Swali linalosahauliwa ni hili: alianguka kwa sababu gani? Wazee wengi hujibu kwamba waliteleza, au kwamba ni umri tu. Hata hivyo, anguko laweza kuwa dalili ya kwanza ya hitilafu katika moyo na mzunguko wa damu.

Mtu anaposimama, damu ipatayo mililita 500 hadi 800 huteremka kuelekea miguuni na tumboni. Neva zilizomo katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua huhisi upungufu huo. Moyo huongeza mapigo, mishipa hujikaza, na ubongo huendelea kupata damu. Kadiri umri unavyosonga, mwitikio huu hupungua wepesi. Kisukari cha muda mrefu huweza kuziharibu neva zinazouongoza. Homa, kuhara na kutokunywa maji ya kutosha huzidisha tatizo, na vivyo hivyo baadhi ya dawa: za kushusha shinikizo la damu, za kuongeza mkojo, za tezi dume kama tamsulosin, na amitriptyline. Hapo mzee husikia kizunguzungu, huona giza, miguu hulegea, akaanguka.

Kipimo kinachochukuliwa mgonjwa akiwa ameketi tu hakiwezi kulifichua jambo hili. Mhudumu wa afya amlaze mgonjwa kwa dakika 5 na kumpima, kisha amsimamishe na kumpima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3, akiwa karibu naye ili kumdaka. Namba ya juu ikishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo limethibitika. Kwa mfano, mtu mwenye 142/86 akiwa amelala, akisimama akawa na 112/74, yumo hatarini.

Jamaa wakilisikia hili, huenda wakasema: basi vidonge ndivyo vinavyomwangusha, aviache. Huo ni uamuzi wa hatari. Shinikizo la juu lisilotibiwa huleta kiharusi, huchosha moyo na kuharibu figo. Tena lenyewe huchangia kushuka huko kwa ghafla. Lililo sahihi ni kufika kliniki na dawa zote anazotumia mzee, zikiwemo za kienyeji na za kununua dukani, ili daktari aamue ipi ipunguzwe, ibadilishwe au ihamishiwe saa nyingine. Anayekusudia kufunga naye azungumze na daktari kabla ya mfungo kuanza.

Nyumbani, mzee aamkapo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, kisha asimame akiwa ameshika kitu imara. Afanye vivyo hivyo anapoinuka kutoka mkekani baada ya kula au kusali. Njia ya kwenda msalani iwe na mwanga usiku. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo.

Zipo dalili zisizongoja miadi ya kliniki: kuzirai bila onyo au wakati wa kufanya kazi, mapigo ya moyo kwenda mbio au kurukaruka, maumivu ya kifua, na kukosa pumzi. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, afanyiwe pia kipimo cha umeme wa moyo. Vilevile, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, akigonga kichwa apelekwe siku hiyo hiyo hata kama hana maumivu, kwani damu yaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole.