KAGUA MUGONGO WAKO KAMA UNAVYOKAGUA KASKE YAKO

Ndugu mutumikaji, kila siku mbele ya kuanza kazi unakagua vyombo vyako. Unatazama taa: inawaka? Unatazama kaske: imepasuka? Unatazama viatu, unatazama mukaba. Ni vizuri. Lakini kuna chombo kimoja kisichopatikana katika depo, na siku kikivunjika hakuna wa kukupa kingine. Chombo hicho ni mugongo wako. Nani anaukagua?

Wewe unayebeba mizigo mizito, wewe unayeinama saa nyingi chini ya jiwe, wewe dereva wa kamyo kubwa ambayo inakutikisa toka asubuhi mpaka jioni, unajua maumivu ya kiuno ni nini. Na wewe mama unayeinama kwa kufua, kulima na kubeba maji, unayajua vilevile. Hamuko peke yenu. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mugongo wa chini.

Leo ukurasa huu utazungumuza na wewe juu ya dawa moja isiyonunuliwa katika duka: mazoezi ya yoga. Lakini angalia! Dawa nzuri ikinywewa vibaya inageuka sumu.

TUTWAE MUFANO

Mutumikaji mumoja ametoka ekipe ya usiku. Ni mwezi wa sita, baridi ni kali. Kiuno kinamuuma. Ameona katika telefone ya mutoto wake mutu mwembamba anayejikunja kama kamba, na chini yake imeandikwa kwamba yoga inaponyesha mugongo. Anajisema: «Na mimi niko mwanaume!» Anatandika mukeka juu ya simenti baridi, analazimisha mwili, anasikia kitu kama «tak» katika kiuno. Kesho yake hawezi kuvaa kiatu. Siku kumi bila kazi, na mama anahesabu unga uliobaki.

Kosa lake ni nini? Si kupenda mazoezi. Makosa yake ni matatu: hakuwa na mwalimu, hakuwa na wenzake, na hakuheshimu majira. Tuyaangalie moja kwa moja.

YOGA INATOKA WAPI?

Yoga inatoka India, na ni ya zamani sana. Neno lenyewe linatoka katika luga ya Sanskriti, na shina lake ni kufunga pamoja, kama vile ng'ombe wawili wanavyofungwa katika nira. Neno «joug» la Kifaransa ni ndugu yake. Basi yoga ni kufunga pamoja mwili, pumzi na mawazo, ili vivute gari moja.

Wengine wanauliza: «Hii si dini?» Jibu la haki ni hili: yoga ilizaliwa ndani ya dini za India, na kule watu wengi wanaifanya kama njia ya sala. Lakini watu wa dini mbalimbali duniani wanatwaa mazoezi ya mwili na ya pumzi tu, kama vile mutu anavyotwaa mazoezi ya michezo. Kila mutu afuate zamiri yake.

KWANZA: MWALIMU

Sikiliza habari ya mutoto mumoja wa India. Alizaliwa katika mwaka wa 1918, katika kijiji cha Bellur, wakati wa ugonjwa mukubwa wa grippe uliozunguka dunia yote. Jina lake B.K.S. Iyengar. Baba yake alikufa angali mutoto. Malaria, tifoide na kifua kikuu vilimushika. Mikono na miguu ilikuwa kama vijiti.

Katika mwaka wa 1934 alikwenda katika mji wa Mysore, kwa shemeji yake, mwalimu mukubwa aliyeitwa Krishnamacharya. Kule alijifunza yoga, na polepole nguvu ikarudi. Katika mwaka wa 1937 akatumwa kufundisha katika mji wa Pune. Katika mwaka wa 1966 akatoa kitabu ambacho kimesomwa katika inchi nyingi. Katika mwaka wa 1975 chuo chake kikafunguliwa kule Pune. Alikufa katika mwaka wa 2014, akiwa na miaka 95. Mutoto yule waliyezani hatakomaa!

Lakini habari hiyo ina upande mwingine. Iyengar mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mwalimu wake alimulazimisha kupanua miguu kupita uwezo wake, na nyama za paja zikaumia sana. Hakusahau. Alipokuwa mwalimu, akaanza kutumia kiti, kamba, tofali, bulangeti na ukuta kwa kusaidia mwili usioweza. Muzee akafanya zoezi juu ya kiti. Mugonjwa akalifanya akiwa amelala.

Basi ujue namna ya kupima mwalimu. Mwalimu muzuri anakuuliza kwanza: «Unaumia wapi? Unafanya kazi gani?» Anatazama mwili wako, hatazami sura yake mwenyewe. Hakusukumi kwa nguvu. Ukisema «inauma», anasimamisha. Mwalimu anayekuchekelea mbele ya wengine kwa sababu hufiki chini, umuache. Kazini shefu muzuri hakutumi chini ya jiwe lisilokaguliwa. Mwalimu wa mwili naye ni hivyohivyo.

PILI: WENZAKO

Pengine utasema: «Nitanunua kitabu, nitafanya peke yangu katika chumba.» Waganga walikwisha kupima neno hilo. Kule Marekani, katika jimbo la Washington, walitwaa watu 228 waliokuwa na maumivu ya mugongo ya siku nyingi. Fungu la kwanza lilifundishwa yoga na mwalimu, mara moja kila juma, kwa majuma 12. Fungu la pili lilifundishwa kunyoosha viungo, pia na mwalimu. Fungu la tatu lilipewa kitabu tu. Matokeo yalitangazwa katika mwaka wa 2011. Watu wa yoga na watu wa kunyoosha viungo walipata nafuu kupita watu wa kitabu. Na kati ya yoga na kunyoosha viungo, hawakuona tofauti kubwa.

Umeelewa? Yoga haina uchawi. Kukutana na mwalimu na wenzako, siku iliyopangwa, na kurudia bila kuchoka, ndiko kunasaidia. Kitabu hakikuoni ukikosea. Na siku uvivu ukikushika, kitabu hakitakuja kupiga hodi kwa mulango wako. Mwenzako atakuja.

Neno hili ni la furaha kwetu. Kama hakuna mwalimu wa yoga katika kartye yenu, musihuzunike. Uliza katika lopitali kama kuna munganga wa viungo, yaani kinezi. Muombe aonyeshe mazoezi kwa watu kumi pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa! Watu wa ekipe moja wanaweza kupatana: Jumatano na Jumamosi, nusu saa, kisha kila mutu anarudi kwake.

Na mama je? Asibaki nyuma. Karibu mwaka wa 1937 mwanamuke mumoja wa Ulaya, aliyejulikana kwa jina la Indra Devi, alikwenda Mysore kuomba kufundishwa. Krishnamacharya alikataa kwanza: mugeni, tena mwanamuke! Mufalme wa Mysore akamuombea, naye mwanamuke akakubali sheria zote ngumu. Akajifunza, akafundisha wengine katika inchi mbalimbali, na alikufa katika mwaka wa 2002 akiwa amepita miaka 100. Wamama wa kartye wanaweza kukutana asubuhi, watoto wakiisha kwenda masomoni.

TATU: MAJIRA

Wahindi wa zamani hawakufanya mambo sawasawa mwaka muzima. Vitabu vyao vya uganga, vinavyoitwa Ayurveda, vinagawa mwaka katika majira sita, na kila majira yana chakula chake na mwendo wake. Vinasema pia kwamba mutu anayefanya mazoezi atumie nusu ya nguvu yake tu. Jasho likionekana katika paji la uso, na pumzi ikianza kutoka kwa kinywa, ni alama: inatosha. Na wakati wa joto apunguze tena.

Wakati wa mvua, watawa wa India waliozoea kutembea toka kijiji mpaka kijiji wanatulia pahali pamoja muda wa miezi kama mine. Watu wanawafuata, wanajifunza kwao. Mvua inafunga njia, lakini inafungua masomo.

Sasa, usitwae kalenda ya Wahindi na kuibandika kwa ukuta wako. Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 21 ya mwezi wa sita kuwa siku ya yoga ya dunia, na ilifanywa mara ya kwanza katika mwaka wa 2015. Kwa watu wa kaskazini, ndiyo siku yenye mwangaza murefu kupita zote, wakati wa joto. Kwetu hapa Katanga ni kinyume: mchana ni mufupi na baridi iko katika mifupa. Basi fuata majira ya kwako:

Mwezi wa tano mpaka wa nane: baridi na vumbi. Asubuhi mwili ni kama kamba iliyokauka. Tembea kwanza dakika kumi, pasha mwili moto, ndipo unyooshe. Usilale juu ya simenti. Weka mukeka na bulangeti. Fanya ndani, mbali na vumbi la njia.

Mwezi wa tisa na wa kumi: joto kali. Fanya asubuhi mapema ao jioni. Punguza nguvu. Kunywa maji ya kutosha, na ukumbuke kwamba pombe si maji.

Mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine: mvua. Ardhi ina utelezi. Fanyeni chini ya dari pakavu. Shamba linaita, na mama anainama siku nzima: huu ndio wakati wa kumupumzisha mugongo. Wakati wa lengalenga na uyoga, jaza sahani majani mabichi kando ya bukari. Lakini uyoga usioujua, uuache msituni.

MAZOEZI MATATU YA KUANZA

1. Mikono kwa ukuta. Simama, weka viganja kwa ukuta kwenye kimo cha kiuno. Rudi nyuma polepole mpaka mugongo umenyooka kama meza. Magoti yanaweza kukunjika kidogo. Vuta pumzi tano kwa pua, kisha rudi.

2. Paka. Piga magoti, weka mikono chini. Ukitoa pumzi, inua mugongo kama paka aliyekasirika. Ukivuta pumzi, ushushe taratibu. Mara nane.

3. Miguu juu ya kiti. Lala chali, weka miguu juu ya kiti, magoti yamekunjika. Funga macho. Pumua kimya dakika tano. Hili ni la kufanya ukitoka kazini.

Maumivu makali yakija, simama. Kusimama juu ya kichwa, uache kabisa.

MAONYO YA USALAMA

Kwanza, mazoezi ya pumzi hayatoi vumbi la mawe katika mapafu. Mutu akikuambia hivyo, anakudanganya. Vumbi likiisha kuingia na kuharibu mapafu, halitoki. Vaa maski yako, nyunyizia maji, na usifanye mazoezi ya pumzi pahali penye vumbi.

Pili, kwenda mbio kwa munganga kama: muguu umekufa ganzi ao hauna nguvu, huwezi kuzuia mukojo ao choo, maumivu yalianza kisha kuanguka, ao unaumwa mugongo pamoja na homa na kukonda. Hapo si wakati wa mukeka.

Tatu, mutu mwenye tansio, mama mwenye mimba, na mutu aliyepasuliwa, waulize munganga mbele ya kuanza.

Inne, yoga haichukui nafasi ya kubeba muzigo vizuri. Kunja magoti, weka muzigo karibu na mwili, na ukiwa muzito uite mwenzako.

Ndugu mutumikaji, Iyengar hakupona kwa siku moja. Ilikuwa miaka ya kurudia, leo kidogo, kesho kidogo. Na wewe usitafute kujikunja kama mutu wa telefone. Tafuta jambo moja tu: siku utakapotoka kazini mara ya mwisho, uweze kuinama, umunyanyue mujukuu wako, na usimame tena bila kulia «aye!».

Juma hili zungumuza na watu wawili wa ekipe yako. Chagueni siku, tafuteni mwalimu, tandikeni mikeka. Na kesho asubuhi, ukiisha kukagua taa na kaske, kagua mugongo pia.

KASKE INALINDA KICHWA. WENZAKO WATALINDA MUGONGO WAKO!