Umeionja, au bado?

Mfasiri anayetoa maandishi ya Kiingereza kuyaweka katika Kiswidi hukwama mapema, tena kwenye kitenzi cha kila siku: think. Kiswidi kina vitenzi vitatu mahali hapo, tycka, tro na tänka, wala kimoja hakishiki zamu ya mwenzake.

Chukua ärtsoppa, supu ya njegere za manjano ambayo Waswidi wamezoea kuila Alhamisi. Aliyeinua kijiko, akameza, akaona chumvi imezidi, atasema tycker. Aliyesimama mlangoni, aliyemwona tu mpishi akitia chumvi mara mbili, atasema tror. Kwa Kiingereza wote wawili watatumia think, na msomaji asijue nani ameonja. Tänka ni la kichwa kinachofanya kazi: kuwaza, kutafakari, hata kukusudia. Jag tänker resa, nakusudia kusafiri.

Wanafunzi wengi huishia hapo: ukijionea, tycker, hujajionea, tror. Kanuni hiyo inasaidia, lakini haitoshi. Daktari ameushika mguu wa mgonjwa, ameukagua kwa macho yake, na anadhani umevunjika. Bado Mswidi atasema tror, kwa sababu picha ya eksirei itakata shauri. Tycka hukaa pale ambapo hakuna picha ya kukata shauri: ladha, uzuri, haki na isiyo haki. Ndiyo maana mimi huanza na swali moja: je, yuko awezaye kumthibitishia msemaji huyu kwamba amekosea?

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Kiingereza nacho kilikuwa na utajiri huu. Kiingereza cha kale kilitenga þencan, kuwaza, na þyncan, kuonekana. Karne zilivyopita, matamshi yakakaribiana hadi vikawa kitenzi kimoja. Methinks ya enzi za Shakespeare ni masalia ya hicho cha pili, nduguye tycka. Hata tro ana ndugu, trow, ambaye leo hasikiki tena. Think imebeba mizigo ya nduguze.

Kwa hiyo Mswahili anayejifunza Kiswidi asizunguke kupitia Kiingereza. “Naona supu imezidi chumvi” na “nadhani imezidi chumvi” si kauli moja. Sikio lako limeshazitenga. Ila uwe macho: “naona mvua itanyesha jioni” ni tror, maana jioni yenyewe italeta jibu.

Pagumu kabisa ni kwenye filamu, pale mtu anapouliza kwa ufupi, What do you think? Mfasiri aliyepewa maneno matupu hawezi kujua aandike Vad tycker du? au Vad tror du? Je, anayeuliza amesimama mbele ya kioo na gauni jipya, au mlango unagongwa usiku wa manane na wote ndani wamenyamaza? Asiandike neno kabla hajaonyeshwa picha.