Ushindi wa Kasarani Ulivyopokewa Mpakani

Siku ya Jumapili, tarehe 7 Julai 2019, timu ya Kariobangi Sharks ya Nairobi iliishinda Everton ya Uingereza katika uwanja wa Kasarani. Dakika tisini zilipokwisha kila upande ulikuwa na goli 1. Yakapigwa mapigo ya penalti, Sharks wakapata 4 na Everton 3. Habari hizo zilifika Busia na Malaba jioni ile ile, na huko mpakani zilipokewa kwa namna yake, maana mtu wa mpakani hashangilii peke yake. Jirani yake wa ng'ambo ya lango la forodha ana bendera nyingine, na maneno ya kumjibu anayo tayari.

Yafaa msomaji wa mbali aelezwe kidogo. Mwaka 1902 Waingereza waliitoa sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia katika nchi ambayo ndiyo Kenya ya leo, na mpaka ukapita katikati ya watu wa nasaba moja. Kuna Wasamia huku na Wasamia kule. Wateso wako Malaba, na Wateso wako Tororo. Watu huoana, huzikana, na huuziana mahindi na samaki kila siku. Hata hizo bodaboda zinazoendeshwa siku hizi katika Afrika Mashariki nzima zilianza hapa, wakati vijana walipokuwa wakipakia abiria juu ya baiskeli na kuwavusha kutoka lango hadi lango. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Katika mambo hayo yote watu ni wamoja. Katika futboli peke yake hawakubaliani, wala hawana haja ya kukubaliana.

Wiki ile Wakenya wa mpakani walikuwa wanyonge. Mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yalikuwa yakichezwa Misri. Harambee Stars walifungwa 2-0 na Algeria, wakaishinda Tanzania 3-2, kisha tarehe 1 Julai Senegal wakawafunga 3-0, nao wakarudi nyumbani. Uganda walivuka makundi, jambo ambalo Kenya haijapata kulifanya hata mara moja katika mashindano hayo. Nao pia walitolewa na Senegal tarehe 5 Julai, lakini kwa goli 1 tu, tena baada ya kupigana kiume. Kwa hiyo siku mbili kabla ya mchezo wa Kasarani, Waganda walikuwa wakitembea Busia vifua mbele ingawa wameshindwa.

Yuko karani mmoja wa wakala wa forodha katika mji wa Busia, mtu wa makamo, mpenzi wa AFC Leopards tangu utoto wake. Sharks si timu yake. Lakini Jumapili ile, kama Wakenya wengi, aliiazima. Mke wake ametoka upande wa Uganda, na kaka wa mke wake ni mwenye bodaboda anayefanya kazi karibu na lango. Jumatatu asubuhi walikutana.

"Shemeji," alisema karani, "habari za Kasarani umezisikia?"

"Nimezisikia, shemeji, hongera sana," akajibu mwenzake. "Lakini wale Wazungu walikuja kunyoosha miguu tu. Msimu wao haujaanza. Sisi tumecheza na Senegal kamili, mchezo wa haki."

Karani hakuwa na jibu zuri wakati ule, akaenda kazini. Walakini neno lile halikumtoka moyoni. Je, ushindi wa kabla ya msimu ni ushindi?

Alianza kulipima kama apimavyo hati za mizigo, karatasi moja baada ya nyingine. Ni kweli kwamba katika michezo ya namna hii makocha hubadilisha wachezaji wengi, na miguu ya mchezaji aliyetoka likizo ni mizito. Ni kweli pia kwamba Idrissa Gueye, kiungo hodari wa Everton wakati ule, hakuwapo Kasarani. Alikuwa bado Misri na hao Senegal waliozitoa Kenya na Uganda. Lakini Sharks nao hawakuwa katika msimu. Ligi ya Kenya ya 2018/19 ilikuwa imekwisha, na ile iliyofuata ilikuwa haijafunguliwa. Kama Everton walikuwa na kutu, Sharks walikuwa nayo vile vile. Zaidi ya hayo, goli la Sharks lilitiwa na Duke Abuya, nao Everton wakasawazishiwa na Ademola Lookman, ambaye si mtu wa kubezwa: mwaka 2024 alitia magoli matatu peke yake katika fainali ya Europa League, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Na penalti je? Mtu anayepiga penalti hahitaji pumzi za msimu mzima. Ahitaji moyo uliotulia.

Hizo zilikuwa hoja za upande wake. Hoja za shemeji alizijua pia, maana ni mtu mwadilifu. Mwezi Julai 2017 Everton hao hao walicheza na Gor Mahia mjini Dar es Salaam, wakashinda 2-1, na Wayne Rooney akatia goli. Novemba 2018, msimu wa Uingereza ulipopamba moto, Gor Mahia walialikwa Liverpool, wakafungwa 4-0. Tofauti ya 2-1 na 4-0 ina maana yake.

Siku chache baadaye alitumwa Malaba kufuata karatasi za mzigo. Huko malori yalipanga mstari mrefu kama kawaida, yakielekea Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, na madereva wakizungumza chini ya vivuli vya magari. Alikuta hoja ile ile inajadiliwa, lakini kwa namna nyingine. Dereva mmoja alisema kwamba la ajabu si kuwa Everton wameshindwa. La ajabu ni kwamba walioshinda ni timu ya mtaa. Timu nyingine kubwa za Kenya zina kabila au kampuni nyuma yake. Hawa ni watoto wa Kariobangi, mtaa wa watu wa kipato kidogo, na timu yao iliundwa mwaka 2000 tu.

Neno hilo ndilo lililomgusa karani, kwa sababu ambayo hakumwambia mtu pale. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mitano, golikipa wa shule yake, na kijana huyo alikuwa ameomba aende kukaa kwa ndugu yao Nairobi ili ajaribiwe na timu za huko. Baba alikuwa amekataa. Mama naye alikataa. Mjomba wake wa bodaboda peke yake ndiye aliyemtetea, akisema kwamba golikipa haonekani akibaki kijijini. Na mfano ulikuwa karibu: McDonald Mariga, aliyekuwa na Inter Milan mwaka 2010 ilipotwaa ubingwa wa Ulaya, na ndugu yake Victor Wanyama, nahodha wa Kenya kule Misri. Ukoo wao ni wa Busia, lakini mpira wao ulikuzwa Nairobi.

Baada ya ushindi wa Kasarani, baba alilegea. Alisema kwamba mtoto akimaliza muhula wa pili atamruhusu. Kijana alifurahi mno, akaanza kuruka kila jioni kati ya miti miwili nyuma ya nyumba, huku wadogo zake wakimpigia penalti.

Kisha ikaja habari ya Agosti. Kampuni ya SportPesa, iliyokuwa imeileta Everton Nairobi na kuifadhili ligi ya Kenya pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, ilikosana na Serikali juu ya kodi. Leseni yake haikuhuishwa mwezi Julai, na Agosti ikatangaza kwamba inaondoa ufadhili wake wote nchini. Fedha za kamari si fedha za kujivunia, na wazazi wengi wa Busia wameona vijana wakipoteza karo kwa ajili yake. Lakini ndizo zilizokuwa zikilipa mishahara ya wachezaji. Mwezi mmoja tu tangu kuwashinda Waingereza, timu za Kenya zilikuwa zikitafuta mahali pa kupata nauli. Karani alimwita mwanawe, akamsomea gazeti neno kwa neno. Kijana hakulia. Aliuliza tu kama Everton nao watakosa fedha. Baba akamwambia la.

Alibaki shuleni, akamaliza. Abuya naye aliondoka Kenya akacheza Zambia, na baadaye akaenda Tanzania, ambako alijiunga na Young Africans mwaka 2024.

Ama kwa hoja ya mpakani, shemeji alipata hoja mpya kabla mwaka haujaisha. Everton walianza vibaya hata Marco Silva akafukuzwa mwezi Desemba 2019, naye shemeji akasema kwamba Sharks waliwapiga wagonjwa. Mwezi huo huo Uganda wakatwaa Kombe la Cecafa mjini Kampala, kwa mara ya 15. Karani alilipa soda.

Hata hivyo hakulikana neno lake. Alishikilia kwamba mchezo wa Kasarani ulikuwa wa kweli, kwa kuwa wale kumi na mmoja walicheza kama wa kweli, na alama yake ni 1-1, penalti 4-3, imeandikwa. Mwaka 2025 alama hiyo ilirudi. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya wachezaji wa ndani ya Afrika, na tarehe 22 Agosti, katika robo fainali, pale pale Kasarani, Kenya ilitoka 1-1 na Madagascar. Mwanawe, ambaye sasa ni golikipa wa timu ya mtaa wao na msaidizi katika ofisi ya forodha, alikuwa ameketi kando yake. Zilipokuja penalti hakusema neno, bali alitazama miguu ya wapigaji. Madagascar wakashinda 4-3.

Simu ya shemeji ililia kabla televisheni haijazimwa. Alitoa pole ndefu, yenye adabu nyingi kupita kiasi. Kesho yake Uganda walicheza robo fainali yao na Senegal, wakafungwa 1-0, kama kule Misri. Karani alipiga simu mara tatu usiku ule, na haikupokewa.