Kabla ya kununua gari la spoti, hesabu matuta ya mtaani kwenu

UKIPITA nje ya duka lolote kubwa la Westlands au Karen Jumapili adhuhuri, huenda ukaliona. Gari jekundu limejilaza chini karibu kugusa lami, limezungukwa na watoto wa watu wanaolipiga picha kwa simu. Baba mwenye Probox anajifanya halitazami, ilhali analitazama kwa jicho la pembeni. Mwanafunzi wa chuo anamnong'onezea mwenzake nguvu za injini yake na sekunde linazochukua kufika kasi ya kilomita 100 kwa saa. Jambo ambalo hakuna anayeliuliza ni hili: mwenye gari hilo alipitia wapi kutoka nyumbani kwake, na je, kesho Jumatatu ataenda nalo kazini?

Swali hilo ndilo linalopaswa kukusumbua wewe msomaji ambaye biashara imekukubali, au umepokea kiinua mgongo, au chama chenu cha akiba na mikopo kiko tayari kukupa mara tatu ya ulichoweka, na sasa ile ndoto ya ujanani imeanza kukunyima usingizi. Kuota si dhambi. Lakini gari la spoti si kama saa ya mkononi ambayo ukishailipia mambo yamekwisha. Hili hulipiwa siku ya kununuliwa na kila siku inayofuata, hata zile siku linaposhinda chini ya turubai.

Tuanze bandarini Kilindini, maana huko ndiko ndoto nyingi huzama. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Kwa hivyo yale magari ya bei nafuu unayoyaona Dubai au Ujerumani, yasahau. Wengi huagiza kutoka Japani au Uingereza.

Chukua mfano wa Toyota GR Supra ya lita tatu, toleo lililozinduliwa 2019. Tuseme imefika Mombasa ikiwa na thamani ya Sh5 milioni pamoja na gharama za meli na bima ya safari. Thamani hiyo ni ile iliyokadiriwa na Halmashauri ya Ushuru Nchini, KRA, wala usidhani watafuata risiti yako ya mnada. Wana orodha yao ya bei za magari yakiwa mapya, kisha huondoa uchakavu kulingana na umri.

Ushuru wa forodha ni asilimia 35, kiwango kilichoanza kutozwa 2023: hiyo ni Sh1.75 milioni. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, yaani Sh1.69 milioni. Halafu VAT ya asilimia 16 juu ya yote hayo, Sh1.35 milioni. Ongeza ada ya kuagiza bidhaa ya asilimia 2.5 na ile ya ujenzi wa reli ya asilimia 2, na gari la Sh5 milioni limekuwa la Sh10 milioni na ushei hata kabla ya kupata nambari ya usajili. Yaani umenunua magari mawili, moja lako na jingine la serikali.

Wapo wauzaji wasiopenda kukufafanulia jambo hili. Injini ya Supra hiyo ina ukubwa wa 2,998cc. Gari la petroli likizidi 3,000cc, ushuru wa bidhaa hupanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Gari la thamani ile ile lenye injini kubwa zaidi, kwa mfano Nissan GT-R yenye 3,799cc, lingekugharimu karibu Sh10.8 milioni. Tofauti ni Sh783,000! Hata Porsche 911 Carrera ya kawaida, tangu mwishoni mwa 2015, imekuwa na injini ya 2,981cc. Bei ya 911 yenyewe ni mlima mwingine, lakini ukipendezwa na gari lolote, isome kwanza namba hiyo kabla ya kusoma nguvu za farasi.

MWAKA WA KWANZA

Sasa gari liko nyumbani, majirani wamekuja kupongeza. Chukua kalamu.

Bima kamili hulipwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tukichukua asilimia 4, gari la Sh10 milioni litataka Sh400,000 kwa mwaka. Kwa gari la aina hii huenda kampuni ikadai zaidi, pamoja na kifaa cha kulifuatilia likiibwa. Uliza pia ni kiasi gani utakachojilipia mwenyewe ajali ikitokea, kwa sababu asilimia ndogo ya Sh10 milioni si pesa ndogo.

Petroli. Ukiendesha kilomita 8,000 tu kwa mwaka, na kwa misongamano ya Nairobi upate kilomita saba kwa lita, utanunua lita 1,143. Kwa bei ya karibu Sh185, ilivyokuwa Nairobi katika miezi ya mwisho ya 2025, hizo ni Sh211,000. Injini nyingi za aina hii huhitaji petroli ya kiwango cha juu kuliko super ya kawaida, na hiyo ina bei yake.

Matengenezo tuweke Sh150,000, tukiomba Mungu kisiharibike kitu. Hapa wengi hudanganywa na jina. Wanasema, "Si ni Toyota tu!" Ni Toyota, naam, lakini injini yake ni ya BMW na gari lenyewe liliundwa Graz, Austria, katika kiwanda kimoja na BMW Z4. Vipuri vyake hutavikuta vimetundikwa Barabara ya Kirinyaga kama vya Probox, na fundi wa mtaani asiye na kompyuta ya kusoma hitilafu zake atakuwa anakisia kwa pesa zako.

Tairi nazo. Tenga Sh220,000 kwa seti moja, na ikidumu miaka miwili, hiyo ni Sh110,000 kila mwaka. Za nyuma ni pana kuliko za mbele, kwa hivyo huwezi kuzibadilishana zikianza kulika upande mmoja.

Jumlisha. Unapata Sh871,000, au zaidi kidogo ya Sh72,500 kila mwezi. Ili upate picha, karo ya mwaka mzima ya mwanafunzi wa bweni katika shule ya kitaifa iliwekwa Sh53,554 katika mwongozo wa serikali wa 2015. Kila mwezi gari linakula karo ya mtoto mmoja ya mwaka mzima na kubakisha njaa. Na hapo sijagusa riba ya mkopo, wala thamani inayopungua gari linapozeeka, wala faida ambayo pesa zile zingeleta kwingine. Aliyeweka Sh10 milioni katika hati za dhamana za miundomsingi za serikali za Februari 2024 alihakikishiwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka bila kutozwa kodi, yaani Sh1.8 milioni. Riba za namna hiyo hazitokei kila siku, lakini unaelewa ninakoelekea.

Usisahau kwamba Supra ina viti viwili tu. Haitaiondoa Probox nyumbani. Utalipia bima mbili, na siku ya kuwapeleka watoto shuleni au kuleta gunia la viazi kutoka Kinangop, gari la Sh10 milioni litabaki nyumbani.

TUTA LA KWANZA

Tuseme pesa unazo na hesabu hizo hazikukutisha. Swali la pili ni barabara.

Kijana anayependa magari na ajifunze kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi, yana elimu kuliko picha za ukutani. Tairi la nyuma la Supra huandikwa 275/35R19. Maana yake ni upana wa milimita 275, na kimo cha ubavu ni asilimia 35 ya upana huo, yaani sentimita 9.6. Tairi jembamba lililoandikwa 155/80R14, la gari la kubebea mizigo midogo, lina ubavu wa sentimita 12.4. Mpira huo ndio unaozuia rimu isipigwe na shimo. Gari ghali lina mpira mfupi zaidi na rimu kubwa zaidi, nawe unalipitisha katika barabara ile ile yenye mashimo. Tairi likipasuka, hakuna spea ndani ya buti. Magari mengi ya spoti, Supra na 911 yakiwemo, hubeba dawa ya kuziba na pampu ndogo, na dawa hiyo haizibi mpasuko wa ubavuni. Hebu fikiria hali hiyo Gilgil, Jumapili saa moja jioni.

Kuhusu kimo cha gari, Porsche wenyewe walijifunza somo hili hapa kwetu. Waliposhindana katika Mbio za Safari waliinua 911 zao na kuziwekea ngao chini ya tumbo. Björn Waldegård alimaliza wa pili 1974 nyuma ya Joginder Singh aliyeendesha Mitsubishi Lancer, na Vic Preston Mdogo naye akamaliza wa pili 1978 nyuma ya Peugeot 504. Miongo mingi baadaye, 2022, kampuni hiyo ilitangaza 911 Dakar iliyoinuliwa milimita 50 kuliko Carrera yenye springi za spoti. Waliunda 2,500 tu. Kama 911 ya kawaida ingeweza matuta yote ya dunia, hawangejisumbua.

Siku hizi baadhi ya magari haya huuzwa na mtambo wa kuinua pua. Ule wa 911 huinua sehemu ya mbele kwa milimita 40, na matoleo ya karibuni hukumbuka kwa setilaiti mahali ulipouinua mara ya mwisho. Kwa mkazi wa Nairobi, ningelipia mtambo huo kabla ya redio ghali na viti vya ngozi nyekundu. Ila kumbuka tuta la mtaani kwenu huenda halikuwepo wiki iliyopita, wala mtambo haulijui.

Kasi je? Supra imefungwa isizidi kilomita 250 kwa saa. Barabara ya Nairobi Expressway, ile ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022, ina kikomo cha 80, na kikomo cha juu nchini ni 110. Pale langoni utalipa ada sawa na mwenye Vitz, na mtafika pamoja.

Simaanishi kwamba haiwezekani gari la spoti kuwa la kila siku. Honda walithibitisha 1990 walipotoa NSX, ambayo dereva aliona vizuri pande zote na iliwaka asubuhi bila kubembelezwa. Kwa kulinganisha, Ferrari F355 iliyokuja 1994 ilihitaji injini nzima ishushwe ndipo mkanda wake wa ndani ubadilishwe. Yote mawili yalikuwa mazuri barabarani, lakini mmoja wa wenye magari hayo alitumia siku nyingi zaidi gereji. Unapochagua, uliza kazi ya kawaida inayojulikana itafanywaje na nani, hapa hapa Nairobi, na inachukua siku ngapi.

Wateja wa Porsche wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliuza magari 310,718 duniani. 911, lile la ndoto, lilikuwa 50,941. Cayenne, lenye milango minne na buti la kutosha, lilikuwa 102,889.

KABLA YA KULIPA

Basi ukishaamua, usinunue kwenye ukumbi wa maonyesho. Omba uliendeshe gari katika njia yako mwenyewe, kuanzia lango lenu hadi kazini, saa za msongamano. Mkeo au mumeo awe ndani, na kama lina viti vya nyuma, mtoto wa miaka kumi na miwili akae huko dakika arobaini. Sikiliza atakachosema. Panda kila tuta.

Kisha lipia fundi wako, si wa muuzaji, alipandishe juu na kulitazama chini. Aangalie kama tumbo limekwaruzwa, kama rimu zimenyooshwa, na kama breki ni za chuma au za kauri. Breki za kauri hudumu sana lakini kuzibadilisha ni bei ya gari jingine dogo. Kwa matumizi ya mjini, breki za chuma zinatosha kabisa. Ukipewa Boxster au 911 ya zamani iliyo tayari nchini, ya kati ya 1997 na 2008, muulize fundi kuhusu beringi ya shafti ya kati ya injini. Ikivunjika katika baadhi ya injini hizo huua injini yote, na kuna wenye magari waliofika mahakamani Marekani kwa sababu hiyo. Dai risiti za matengenezo za miaka yote.

Yote yakiwa sawa, patana bei bila haraka. Magari haya hayana wanunuzi wengi hapa nchini, na muuzaji aliyekaa na moja miezi sita analijua hilo kuliko wewe.