Je, Sidi Alimchagua Baroka?

Wape wanafunzi wa Kidato cha Nne swali la Kiingereza kuhusu nafasi ya mwanamke katika tamthilia ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel, kisha kusanya karatasi usome. Nyingi zitaanza kwa kueleza fasihi ni nini, zitataja hoja tatu, na kila hoja itafuatwa na mfano mmoja mfupi. Mwanamke ni chombo cha starehe: Baroka, mtemi wa kijiji cha Ilujinle, ana wake wengi. Mwanamke hana sauti: Sadiku, mke mkubwa wa Baroka, anatumwa kumposea mumewe mke mwingine. Mwalimu Lakunle anatetea haki za wanawake: anakataa kulipa mahari ya Sidi, msichana mrembo wa kijiji. Mifano yote imo kitabuni. Lakini ukitafuta mahali ambapo mwanafunzi mwenyewe alifikiri, hupaoni. Hoja zimetoka kwenye madesa, na madesa yenyewe yalinakiliwa kutoka madesa ya waliotangulia.

Kwa sisi tunaofundisha somo hili, ni rahisi kusema watoto hawasomi, au Kiingereza kimewashinda. Kiingereza ni kikwazo kweli. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anafika sekondari na kutakiwa abishane kwa lugha ambayo bado hajaweza hata kuombea ruhusa ya kutoka nje. Hata hivyo nimeona majibu yaliyoandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, na bado hayakuwa na hoja. Kinachokosekana ni kile kinachoufunga ushahidi kwenye hoja, na hicho hatujawafundisha.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alilieleza jambo hili mwaka 1958 katika kitabu chake The Uses of Argument. Mtu anapotoa dai na kuleta ushahidi, katikati yake huwa kuna kanuni inayomruhusu kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Mara nyingi kanuni hiyo haisemwi. Mwanafunzi anayeandika kwamba Lakunle anatetea wanawake kwa sababu anakataa mahari amejengea juu ya wazo kwamba mahari humgeuza mwanamke kuwa bidhaa, na kwamba anayeikataa anamheshimu. Hakuliandika wazo hilo, kwa hiyo hakulipima, na mwalimu aliyempa alama mbili hakulipima pia.

Tulipime basi. Je, kila asiyetaka kulipa mahari anasukumwa na heshima? Rudi mwanzoni mwa tamthilia: Lakunle huyo huyo anamwambia Sidi kwamba kisayansi ubongo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume. Nenda mwishoni: Sidi anarudi akilia kutoka kwa Baroka, na miongoni mwa mambo yanayomjia Lakunle akilini ni kwamba, kwa kuwa Sidi si bikira tena, sasa hakuna atakayemdai mahari. Hapo mwanafunzi ana kazi ya kufanya. Anaweza kuiacha hoja yake. Anaweza kuipunguza, akasema Lakunle anayapenda maneno ya kisasa kuliko anavyompenda Sidi. Anaweza pia kuitetea, kwa kuonyesha kwamba Lakunle bado yuko tayari kumwoa msichana ambaye wengine wangemcheka. Njia yoyote atakayoshika itamrudisha kitabuni, na madesa hayataweza kumsaidia huko.

Mmarekani George Hillocks, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika kitabu kizima juu ya namna ya kufundisha jambo hili kwa wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 12. Kinaitwa Teaching Argument Writing, cha mwaka 2011. Kabla ya kufika kwenye fasihi, aliwapa wanafunzi picha ya mwanamume aliyekufa chini ya ngazi, glasi ikiwa bado mkononi. Mkewe anadai aliteleza. Watoto wanaichunguza, na haipiti muda mmoja anauliza: mbona glasi haikumtoka? Mwalimu hamwambii amepatia. Anamuuliza, kwani glasi kubaki mkononi inaonyesha nini? Mtoto analazimika kusema kile alichokuwa amekichukulia tu: mtu anayeanguka huachia alichoshika ili ajikinge. Kanuni imetoka kinywani mwake, na wenzake wanaweza kuipinga.

Zoezi la namna hii halihitaji vifaa. Andika ubaoni kwamba dirisha la bweni limevunjika usiku, vipande vingi vya kioo vimekutwa nje, na mlinzi anadai mtu alirusha jiwe kutoka uwanjani. Waulize nani anamwamini mlinzi na kwa nini. Darasa la watu sitini litabishana, na waache wabishane kwa Kiswahili. Najua shule nyingi zinaadhibu Kiswahili ndani ya vipindi, na ninaona zinakosea. Mwanafunzi aliyekwisha kuijenga hoja yake kwa lugha anayoimudu huyatafuta mwenyewe maneno ya Kiingereza ya kuisemea, maana sasa ana jambo analotaka kulisema.

Kisha warudi kwa Sidi, wakiulizwa swali ambalo madesa hayana jibu lake: je, Sidi alimchagua Baroka, au hakuwa na uchaguzi?

Upande mmoja una ushahidi mzuri. Lakunle yupo, anamtaka, amekwisha kutangaza kwamba atamwoa. Sidi anajipamba mwenyewe, anamkataa hadharani na kuondoka kwa nyimbo na ngoma. Upande wa pili unaanzia mbali zaidi. Baroka, mzee wa miaka 62, alimdanganya Sadiku kwamba nguvu za kiume zimemwisha, akijua siri hiyo haitakaa. Ilipomfikia, Sidi alikwenda kwake kumdhihaki. Akaonyeshwa mashine ya kuchapa stempu na kuahidiwa kwamba sura yake itawekwa juu ya stempu hizo. Alirudi akisema amehadaiwa. Darasani mjadala hufika mahali ambapo wasichana huanza kusema zaidi kuliko wavulana. Msichana aliyehadaiwa hadi akapoteza kile ambacho kijiji kinampimia thamani yake, halafu akaolewa na aliyemhadaa, amechagua nini? Kanuni inayobishaniwa sasa ni nzito: uchaguzi unahitaji mtu ajue ukweli kabla, au inatosha kwamba mwishoni hakuburutwa?

Hapo ndipo mwanafunzi makini huleta kisa cha reli. Baroka aliwahi kumhonga mpimaji ili reli isipite Ilujinle. Basi, anasema, huyu ni mtu wa kupindisha mambo tangu zamani. Ushahidi mzuri, mpaka mwenzake aulize kisa hicho tumekisikia kwa nani. Tumekisikia kwa Lakunle, hasimu wake. Je, tumwamini? Kitabu kile kile kilichokuwa hazina ya mifano ya kukariri sasa kina mashahidi wa kuhojiwa, na watoto wanagombania nakala mbili zilizopo ili wahakikishe nani alisema nini.

Walimu wenzangu huniuliza kuhusu mtihani, na wana haki, kwa sababu ndio utakaoamua maisha ya watoto hawa. Swali la mtihani likitaka hoja tatu kwa kila kitabu, mwanafunzi aandike tatu. Tofauti itakuwa kwenye sentensi ya tatu na ya nne ya kila aya, baada ya hoja na mfano, pale anapoeleza kwa nini mfano huo unathibitisha hoja na mtu asiyekubali angesema nini. Ninaposahihisha, ninapigia mstari sentensi hizo peke yake. Aya isiyo nazo ninairudisha ikaandikwe upya, hata kama mifano yake ni sahihi.

Mitihani ya ndani, ambayo tunaitunga sisi wenyewe, tunaweza kuibadilisha muhula huu. Badala ya kuwaambia waonyeshe nafasi ya mwanamke kwa kutumia tamthilia waliyosoma, tuwaulize hivi: "Mwenzako anaamini Lakunle angekuwa mume mwema kuliko Baroka. Mjibu kwa kutumia matukio mawili, kisha eleza ni tukio gani kitabuni linaloipa hoja yako shida zaidi."