Waliosimama Rhotia

Akina mama wenzetu, sisi wa Mukendo hapa Musoma tukienda Arusha hupanda basi alfajiri. Tunapita Bunda, tunakatiza Serengeti na Ngorongoro, kisha tunateremka Karatu na Rhotia. Njia hiyo tumeizoea. Ndiyo maana Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, habari za ajali ya Rhotia zilipotufikia, tuliona kama imetokea mlangoni petu.

Basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Karatu, kufanya mtihani na wenzao. Likatumbukia korongoni. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mama aliyemwamsha mwanawe gizani na kumpa chai, baadaye aliitwa kwenda kuutambua mwili wake. Hapo tusikae, mama yeyote anaelewa.

Siku hiyo hiyo walipita hapo Wamarekani wachache waliokuwa nchini wakijitolea na shirika la STEMM. Walikuwa wakienda kuangalia wanyama. Hawakuwa na ndugu katika basi lile, wala hakuna ambaye angewalaumu kama wangepita. Wakasimama. Wakasaidia kuwatoa watoto, wakitafuta aliyebaki na uhai. Walipatikana watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja.

Sisi wauguzi tunajua kazi hiyo. Mtoto amezimia, mwili umepoa, mapigo ya moyo ni hafifu. Mwenye haraka atasema amekwisha. Ni lazima uweke vidole shingoni, utulie, usubiri.

Wageni wale hawakuishia korongoni. Watoto walipokuwa wamelazwa Arusha wakiwa wamevunjika mifupa, walihangaika mpaka ikapatikana ndege ya shirika la Samaritan's Purse. Tarehe 14 Mei ikawachukua kutoka Uwanja wa Kilimanjaro, pamoja na mama zao, daktari na muuguzi wa Kitanzania, hadi Sioux City, Iowa. Walitibiwa huko, na mwezi wa Agosti wakarudi nyumbani.

Sasa tuwaeleze kwa nini habari hii ilitunyima usingizi. Miaka michache kabla ya hapo, sisi wawili, wauguzi kwa kazi, tulikuwa tukirudi kutoka semina ya akina mama wa kanisa. Njiani tukakuta gari limepinduka, na mama mwenye kanga ya manjano amelala kando ya barabara. Basi letu lilipunguza mwendo, watu wakachungulia madirishani, kondakta akasema polisi watakuja. Tulitazamana. Mmoja wetu alikuwa na glavu kwenye mkoba. Tulifikiri giza litatukuta njiani, tukafikiri watoto nyumbani, tukafikiri kwenda kutoa maelezo kituoni. Basi likapita nasi tumo ndani, na vitabu vya semina mapajani.

Tangu mwaka ule wa 2017 mikoba yetu ya safari ina glavu, bandeji na kanga safi. Hata wewe usiye muuguzi unaweza kufanya jambo. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi wala usifunuefunue. Aliyeanguka vibaya usimkalishe wala usimgeuze shingo, isipokuwa moto au maji yanamfikia. Usimpe maji ya kunywa, hata akiomba, maana huenda akapaliwa, au akahitaji upasuaji. Mwite kwa jina kama unalijua; kama hulijui, mwite mama, mwite mwanangu, umshike mkono. Na kabla ya yote mwambie dereva asimamishe gari, kwa sauti inayosikika mpaka mbele. Hilo ndilo lililotushinda sisi.

Kila tukipita pale tunanyamaza. Mpaka leo hatujui kama mama yule wa kanga ya manjano aliinuka.